Barabara Haina Mkwe

Zuhra alifeli mtihani wa kuendesha lori kwa sababu ya shikamoo. Ndiyo, shikamoo, hukusikia vibaya. Si kona, si mlima, si tela. Wenzake walifeli kwa kugonga mapipa, na Nyabenda, yule kaka aliyejifunzia udereva Bujumbura, alifeli kwa kuingia upande wa kulia wa barabara kama walivyozoea kwao. Hayo ni makosa ya kueleweka. La Zuhra, hata mtahini mwenyewe alikosa jina la kuliita.

Na usidhani alikuwa anacheza. Zuhra aliuza dagaa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, miaka mingi, akaanika, akageuza, akafungasha, mpaka harufu ikakubali kuwa yake. Lakini ziwa nalo siku hizi lina likizo. Serikali ikilifunga ili samaki wazaane, mwenye meza ya dagaa anakaa nyumbani anahesabu nyufa za ukuta. Zuhra alikaa hivyo mara ya kwanza, akavumilia. Mara ya pili akiwa amekaa hivyo hivyo, akayaona malori ya saruji yanapita kwenda Burundi, yanarudi, yanapita tena, hayana habari na mtu. Akasema, kumbe barabara haifungwi! Nami nitaendesha.

Leseni ya magari madogo alikuwa nayo tangu enzi za pikapu ya mjomba wake. Kilichobaki ilikuwa leseni ya malori. Na bahati ikajitokeza: tajiri mmoja mwenye ghala la saruji mwisho wa barabara ya Kasingirima alikuwa na lori limesimama, dereva wake kahamia Dar. Tajiri hakujali mwanamke wala mwanamume. Alisema neno moja tu, "Nione leseni kabla mwezi haujaisha. Ukiisha, namchukua mwingine." Basi. Hapo ndipo maisha ya Zuhra yalipokuwa yamening'inia.

Akajiandikisha chuoni kwa Mwalimu Leodgar. Huyu alikuwa Muha wa Kasulu, mzee mwenye magoti mabovu, aliyeendesha malori mpaka magoti yakakataa klachi. Asubuhi anakusalimia kwa Kiha, kwa upole, "Mwakeye," unaitikia, na hilo ndilo neno lake la mwisho la upole mpaka kesho yake.

"Zuhra! Unarudisha tela au unasindikiza mgeni?"

"Narudisha, mwalimu."

"Limekushinda adabu hilo! Ukitaka mkia uende kulia, kata usukani kushoto. Kushoto! Kwenu kushoto mnakuita nini?"

Alipiga mlango kwa kiganja, puu, puu, kama anaamsha watu wanaounguliwa nyumba. Zuhra anakata kushoto, tela linakwenda. Anachelewa kunyoosha, tela linakunja, linapanda tuta, pipa linaanguka. Anashuka, anasimamisha pipa mwenyewe, anapanda tena. Jua la Kigoma nalo likisimama pale juu halina huruma. Zilikuwapo siku alirudi nyumbani hawezi hata kukuna nazi, analala na hasira na kuamka nayo. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Akayaoga. Mwisho wa mafunzo tela lilikuwa linaingia katikati ya mapipa bila kugusa kitu, na Mwalimu Leodgar anatazama pembeni ili asije akaonekana amefurahi.

Siku ya mtihani ikafika. Mtahini alikuwa Afande Samson, askari wa usalama barabarani, mtu mkimya mwenye mustachi uliochongwa. Uwanjani Zuhra alifanya kila kitu sawasawa. Afande akapanda, akakaa kushoto kwake, akasema, "Haya, Kasingirima."

Afande aliipenda barabara ile kwa sababu ina kila balaa: bodaboda, bajaji, mbuzi, watoto wanaotoka shule, akina mama wenye mabeseni kichwani. Dereva akiitoka salama, anaweza kwenda popote. Lakini kwa Zuhra ile ilikuwa barabara ya kwao. Ndiko alikoolewa, ndiko anakoishi na mumewe Gharib, fundi cherehani, na ndiko aliko mama mkwe wake, Bi Hasna, nyumba ya pembeni kabisa mwa barabara, baraza lake linatazama lami.

Na Bi Hasna, jamani, si mtu wa kupitwa. Ni mwanamke wa Ujiji wa zamani, wa kanga mbili na kilemba, ambaye salamu kwake si maneno, ni deni la heshima. Mwaka mmoja alimnunia Zuhra tangu Idi hii mpaka Idi ile, kisa alimsalimia yeye baada ya kumsalimia mdogo wake. Sasa siku hiyo alikuwa amesikia kwamba mke wa mwanawe atapita na lori. Akaoga, akavaa, akatoka akasimama ukingoni mwa barabara, shingo ameinyoosha.

Zuhra akamwona kwa mbali. Kichwa kikamwambia, pita. Mguu ukakanyaga breki.

Hebu nawe jiweke mahali pake. Lori ni refu. Ukikaa kwenye usukani, mama mkwe yuko huko chini, unamwona utosi wa kilemba. Umrushie shikamoo kutoka juu, umekaa, kama unamtupia kuku mtama? Nani alikulea? Zuhra alilelewa. Akavuta breki ya mkono, akafungua mlango, akashuka ngazi moja moja, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama."

"Gharib kaamkaje?"

"Kaamka salama, mama."

"Na lile jino lake?"

"Limetulia, mama."

"Alhamdulillahi. Mwambie aache kunywa chai ya moto moto."

Nyuma, bajaji zimeshajipanga. Honi zinalia, bodaboda wanatukana, mtu mwenye mkokoteni wa mihogo anauliza nani kafa. Lori limeziba barabara nzima, halina indiketa, halina kitu. Afande Samson alibaki ndani kinywa wazi. Kisha akachungulia dirishani.

"Dada, hili ni lori au baraza?"

Bi Hasna akamtazama juu mpaka chini. "Zuhra, na huyo mgeni mbona hunitambulishi?"

Ndivyo alivyofeli.

Mwalimu Leodgar aliposikia, alikaa juu ya tairi bovu, akashika kichwa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Zuhra zaidi. "Nimefundisha watu wakagonga ukuta," akasema. "Nimefundisha mtu akaingia na lori msikitini. Lakini kushuka! Sikia, mama. Barabara haina mkwe. Haina mjomba, haina shangazi. Ukiwa na tani thelathini mgongoni, mtu wako ni mmoja tu, yule asiyetakiwa kufa mbele yako."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Hujaelewa. Mguu wako haujaelewa."

Afande akampa nafasi ya kurudia Alhamisi, mwezi ukiwa ukingoni kabisa. Zuhra akamwomba wapite njia nyingine. Afande akacheka bila sauti. "Ukiajiriwa, ghala la tajiri wako utalihamisha?" Ghala lilikuwa mwisho wa barabara ile ile. Hata akipata leseni, kila safari angepita pale pale, kwa watu wale wale, kwenda na kurudi.

Basi akafikiri, akaona dawa ni kusema na watu. Afadhali angenyamaza! Alizunguka mtaa, nyumba kwa nyumba, kwa adabu zake zote. "Jamani, Alhamisi nikipita na lori naomba msinipungie mkono, msiniite, mkiniona mjifanye hamnijui. Ni siku ya mtihani tu." Mbele yake kila mtu aliitikia, sawa Zuhra, Mungu akujalie. Alipogeuza kisogo, maneno yakaanza safari yao, na maneno ya mtaani hayafungwi breki.

Kwanza yalipita kwa Recho, mwenye genge la nyanya na mawese. Huko yakawa: Zuhra kasema akipanda lori hataki salamu ya mtu. Yalipofika kisimani yakawa: Zuhra kasema waliomsalimia ndio waliomfelisha. Yalipofika kwa Bi Hasna, yalikuwa yameshavaa nguo rasmi: Zuhra kasema mama mkwe wake ana jicho baya, alisimama pale makusudi.

Zuhra alipokwenda kueleza, Bi Hasna alikuwa barazani anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilikuwa marahaba kavu, ya kutupwa. "Nimesikia. Alhamisi nitajifungia ndani. Na dirisha nitafunga, macho yangu yasije yakakutia nuksi."

"Mama, mimi sijasema hivyo! Nimesema tu..."

"Mtu mzima haambiwi mara mbili."

"Lakini hiyo mara ya kwanza ndiyo si yangu, mama!"

Bi Hasna akapeta ungo, makapi yakaruka. Mazungumzo yameisha. Zuhra akarudi nyumbani anatembea haraka haraka, machozi ya hasira yanamchoma, anasema peke yake njiani kama kichaa. Fadhila za punda mateke! Amekwenda kuomba msaada, karudi na ugomvi.

Gharib alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. "Na wewe nawe," akasema, "si ungepita tu siku ile? Mama angeelewa."

"Angeelewa? Nani? Mama yako yupi, unaye mwingine? Huyu aliyeninunia Idi mpaka Idi ndiye angeelewa nimpite na tairi zinamrushia vumbi?"

Gharib akalikosa tundu la sindano, maana ilikuwa kweli.

"Nikishuka, nimefeli. Nisiposhuka, sina adabu. Nikiomba, nina kiburi. Nikinyamaza, najidai. Sasa niambie, Gharib, mnataka nifanye nini? Nirudi Kibirizi nikaanike mawe?"

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo shida yako hiyo!"

Alilia usiku ule, akajichukia kwa kulia. Kilichomuuma si Recho wala mtaa. Kilichomuuma ni kwamba alimpenda yule bibi. Alipojifungua mtoto wa kwanza akakaribia kufa, ni Bi Hasna aliyemwogesha kwa mikono yake mwenyewe na kumlisha uji kijiko kwa kijiko. Huyo ndiye anayeambiwa ampite.

Alhamisi ikafika. Afande Samson akapanda, akafunga mkanda, akasema neno lile lile, "Haya, Kasingirima." Mwalimu Leodgar alikuwa amesimama getini. Alionyesha mguu wake wa kulia kwa kidole, akautikisa: huyo ndiye mwanafunzi.

Zuhra akaingiza gia. Wakatoka uwanjani Mwanga, wakateremka. Mwendo mzuri, vioo anavitazama, bodaboda kapita mbele yake bila kugeuka, kampisha. Wakaingia mtaani.

Watu walikuwa wamesimama pande zote mbili za barabara. Wengi, kama kuna arusi. Na wote, jamani, wote walikuwa wamempa mgongo. Recho na beseni lake, mgongo. Wazee wa bao, mgongo. Vijana wa kijiwe cha bodaboda, migongo. Mtoto mmoja akataka kugeuka, mama yake akamshika kichwa akakirudisha.

Loo! Zuhra alihisi damu inampanda masikioni. Hii ni nini? Wanamsaidia au wanamsuta? Aliomba wajifanye hawamjui, hakuomba wamfanye mzoga wa kugeuziwa visogo. Au ndivyo walivyoelewa? Au ndivyo walivyotaka kuelewa? Alitamani asimame awatukane wote, mmoja mmoja, kwa majina. Mikono ikaubana usukani mpaka vifundo vikaumia. Afande Samson aliitazama migongo ya kushoto, akaitazama ya kulia.

"Hapa pana nini leo?"

"Sijui, afande," Zuhra akasema, macho mbele.

Kisha akamwona. Mtu mmoja tu katika mtaa mzima aliyekuwa ameelekea barabara. Bi Hasna hakujifungia ndani. Alikuwa amesimama pale pale pa siku ile, kanga mbili, kilemba, shingo imenyooka. Hakuinua mkono. Hakutabasamu. Alikuwa anatazama tu.

Mguu wa Zuhra ukaanza kuhama. Aliusikia kabisa, unatoka kwenye mafuta, unatafuta breki, kama mguu wa mtu mwingine. Akaung'ang'ania. Alisema moyoni, nisamehe mama, nisamehe mama, na lori likapita. Alimpita mama mkwe wake, tairi zikarusha vumbi, kilemba kikabaki chini ya dirisha na kikapotea. Kwenye kioo cha pembeni akamwona anakuwa mdogo, bado amesimama. Zuhra akayarudisha macho barabarani, na ilikuwa vizuri kwamba aliyarudisha, kwa kuwa mbuzi alikuwa ameshaingia. Akakanyaga breki taratibu, lori likatulia, mbuzi akapita na mambo yake.

"Endelea," Afande Samson akasema. Waliporudi uwanjani aliongeza maneno mengine mawili: "Umefaulu, dada."

Wenzake walimpigia makofi. Nyabenda, ambaye safari hii naye alikumbuka kukaa kushoto, alimpa mkono. Mwalimu Leodgar alikohoa, akasema angalau sasa atalala. Zuhra aliwashukuru wote, na ndani hakusikia furaha hata chembe. Unajua kupata kitu ulichokitaka kisha ukakosa mtu wa kumpelekea? Ndivyo alivyokuwa.

Hakupita kwake. Alikwenda kwa miguu moja kwa moja kwa Bi Hasna. Njiani watu sasa walikuwa na nyuso. "Zuhra, tulikusaidia eeh?" Recho akapiga kelele kutoka gengeni. "Hata kupiga chafya hatukupiga!" Alikuwa anacheka kwa moyo wote, au alikuwa anacheka tu. Mpaka leo Zuhra hajui. Alijibu ahsante, akaendelea.

Bi Hasna alikuwa amekaa barazani, vumbi bado liko kwenye kanga. Hakulipangusa. Zuhra akavua viatu, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja. Hata ile kavu hakupewa. Bi Hasna alitazama barabara.

"Umepata?"

"Nimepata, mama."

"Na lile ghala ni lile pale mbele?"

"Ndilo, mama."

"Kwa hiyo utakuwa unapita hapa."

"Kila safari, mama. Kwenda Burundi na kurudi."

"Bila kushuka."

"Bila kushuka, mama."

"Wala kusimama."

Zuhra akaitikia kwa kichwa. Akangoja aambiwe ainuke aende zake, na kwamba Gharib aje peke yake siku nyingine.

"Haya, zilete," Bi Hasna akasema.

"Nini, mama?"

"Shikamoo zangu! Za safari zote hizo. Unataka upite juu ya kichwa changu mwaka mzima bure? Zilete hapa hapa, ukiwa chini, nizipokee. Ukiwa huko juu uangalie mbuzi wa watu."

Zuhra alimtazama usoni. Bibi hakuwa anatania, alikuwa amekaa sawasawa, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupimiwa nguo.

"Shikamoo, mama," Zuhra akaanza.

"Marahaba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema vizuri, usikimbize."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Gharib akatokea, tepu ya kupimia shingoni, akawakuta katika hali hiyo, mmoja anaamkia na mwingine anaitikia bila kukoma. Akasimama, akawaza amwite nani. Mama yake akamwinulia kiganja, nyamaza. Zuhra aliendelea mpaka sauti ikakauka, na kila alipotaka kupumzika aliambiwa bado. Mwishowe bibi akainua mkono.

"Za kwenda zimetosha," akasema.

Alipofungua tena kinywa, sauti yake haikuwa imenyooka. "Sasa lete za kurudi. Na hizo, Zuhra, usinipunje hata moja."

Zuhra alilaza paji la uso magotini pa mama mkwe wake, kwenye vumbi la lori lake mwenyewe, akaanza za kurudi.